Kioo cha Mlango wa Pikapu: Kipi Kifaacho na Jinsi ya Kukitia



Katika nchi yetu ya Bukundi, wilayani Meatu, motokaa si kitu cha anasa. Njia ya kwenda Mwanhuzi, yaliko makao makuu ya wilaya, ni ya udongo na changarawe, na wakati wa kiangazi vumbi lake hufunika miti. Mwenye pikapu ya zamani ndiye apakiaye pamba wakati wa mavuno, ndiye aletaye saruji na bati za kanisa, na usiku ndiye abishiwaye hodi mama mjamzito ashikwapo na uchungu. Kwa hiyo mlango wa pikapu ukivunjika kioo, shida si ya mwenye gari peke yake.

Sababu za kuvunjika ni nyingi. Lori likipita kwa kasi, tairi lake hurusha jiwe. Kijana hufunga mlango kwa kishindo kioo kikiwa kimeteremshwa nusu, au hukivuta kwa viganja kwa kuwa mkono wa kuzungushia umekuwa mzito. Yako na manati ya watoto, lakini tusiwalaumu watoto kwa kila kitu.

Kwa jirani mmoja hapa kwetu ilikuwa jiwe la lori. Pikapu yake, Toyota Hilux ya miaka mingi, ilipoteza kioo chote cha mlango wa abiria, na mara watu wakamletea mashauri. Wa kwanza alisema, “Bandika nailoni, inatosha.” Wa pili alisema, “Yuko fundi wa madirisha ya nyumba. Ana vipande vya kioo, atakukatia leo hii kwa bei ndogo.” Wa tatu alisema, “Agiza Mwanza kioo chenyewe, ungoje.” Shauri la pili liliwapendeza wengi, wala siwashangai. Pamba ilikuwa ikingoja, na fedha zilikuwa haba. Nalo ndilo shauri la hatari kuliko yote matatu, na sababu yake nitaieleza kwa kirefu, maana nimeona wengi walifuatao pasipo kujua.

Kioo cha dirisha la nyumba, baada ya kuyeyushwa na kutandazwa, huachwa kipoe polepole. Kikivunjika hukatika vipande virefu vyenye ncha, na kila kimoja ni kisu. Kioo cha mlango wa motokaa hutengenezwa kwa njia nyingine. Kwanza hukatwa kwa kipimo chake na kutobolewa matundu yake. Kisha hutiwa katika tanuru yenye moto uzidio digrii 600 za Selsiasi. Na kitokapo, hupulizwa upepo wa nguvu pande zote mbili. Ngozi yake hupoa na kukakamaa kwanza. Kiini hupoa nyuma yake, nacho kikitaka kusinyaa huiona ngozi imekwisha kuwa ngumu. Basi kiini huvuta kwa ndani na ngozi hubanwa, na kioo kizima hukaa katika mkazo kama upinde uliopindwa na kufungwa uzi. Mkazo huo hukipa nguvu za kustahimili mapigo ambayo kioo cha nyumba hakiyawezi. Tena ndio ukifanyao, kikishindwa, kipasuke chote kwa mara moja kuwa punje ndogo kama za mahindi. Punje hizo zaweza kuchubua ngozi na kuumiza jicho, lakini si visu.

Jambo hili lilianza kama mchezo wa wakubwa. Katika miaka ya 1660 Prince Rupert alimletea mfalme wa Uingereza, Charles II, matone ya kioo yaliyodondoshwa majini yangali moto. Kichwa cha tone kilistahimili nyundo, lakini mkia wake ukivunjwa kidogo tu, tone lote liligeuka unga. Mwaka 1874 Mfaransa mmoja, Alfred Royer de la Bastie, alipata hati ya kuimarisha kioo kwa kukitia moto na kukizamisha katika mafuta. Kioo cha mbele ya dereva ni cha namna ya tatu: ni tabaka mbili zilizogandamana na utando katikati, kikivunjika hushikamana. Hicho nacho ni kazi ya Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliyepata hati yake mwaka 1909.

Kutokana na hayo yafuata neno moja ambalo kila mwenye pikapu yampasa alishike. Kioo kilichokwisha kuimarishwa hakikatiki tena. Ukikigusa kwa almasi ya kukatia, hupasuka chote mikononi. Kwa hiyo fundi akuambiaye, “Lete mlango, nitakata kioo kwa kipimo chake,” anasema habari ya kioo cha nyumba, hata kama mwenyewe hajui. Sasa mfikirie mama aliyeegemea mlango huo usiku, gari likiruka korongo, kioo kikavunjika shingoni pake. Fedha iliyobaki mfukoni itamfaa nini?

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba mpya aliamriwa kuweka ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mimi husomesha sura hiyo kwa wanafunzi wa ubatizo, na mara nyingi huniuliza yatuhusu nini sisi tusiokaa juu ya dari. Huwajibu kwa habari za kisima kisichofunikwa na baiskeli isiyo na breki. Sasa nimeongeza kioo cha mlango.

Nailoni, basi, haina ubaya kwa siku chache, mradi isiwe mlango wa dereva, maana haoni vizuri kwayo kando wala katika kioo cha kutazamia nyuma. Plastiki ngumu, kama ile ya vibao vya maduka, haivunjiki kuwa visu, lakini vumbi letu huikwaruza upesi mpaka ikawa kama ukungu.

Uendapo kununua, usiseme “kioo cha Hilux” tu. Taja mwaka wa gari. Taja mlango wa kulia au wa kushoto, maana kioo kimepinda kidogo na cha upande huu hakikai upande ule. Taja kama gari lina milango miwili au minne. Ukiweza, chukua namba ya chesisi. Vioo vilivyotolewa katika magari mabovu hufaa vile vile, ikiwa kingo zake hazikumeguka. Kisha tafuta maandishi madogo pembeni mwa kioo. Utakuta neno TEMPERED, au TEMPERLITE katika vingi vya Japani. Au alama AS2. Au herufi E ndani ya duara pamoja na 43R. Kioo kisicho na alama yo yote, kiache pale pale dukani.

Njiani usikilaze. Kisimamishe kwa ukingo, kimevikwa blanketi, kati ya magunia laini. Uso wake ni hodari, lakini kingo na pembe ni dhaifu, na kuguswa na chuma au jiwe hapo kwaweza kukimaliza kabla hakijafika Bariadi.

Sasa kazi yenyewe, ambayo mtu mtulivu aweza kuimaliza kwa nusu siku. Vaa viatu, glavu nene na shati la mikono mirefu, uwafukuze watoto na kuku. Fagia kiti na sakafu. Punje ndogo zilizobaki katika kitambaa huokotwa vizuri kwa utepe wa gundi. Zote zitie katika kopo, uzifukie katika shimo refu, kwa ajili ya miguu mitupu.

Kisha ondoa kifuniko cha ndani cha mlango. Kizuizi cha kwanza ni mkono wa kuzungushia kioo, ambao umewashinda wengi hata wakauvunja. Katika magari mengi ya zamani hauna skrubu yo yote ionekanayo. Nyuma yake umefichwa waya wa chuma uliopindwa mfano wa kiatu cha farasi. Chukua kitambaa kigumu kirefu, kipitishe kati ya mkono huo na kifuniko, ukivute huku na huku kama mtu ang'arishaye kiatu; kitambaa hukamata ncha za waya na kuutoa. Huruka, kwa hiyo ukinge, maana waya huo ukipotea majanini siku nzima imepotea. Fungua skrubu za mahali pa kuwekea mkono na za komeo. Kisha ng'oa kifuniko polepole kuzunguka ukingo wake kwa kitu bapa kilichovikwa nguo. Vishikizo vyake vya plastiki vimezeeka. Uwe na vichache vya akiba.

Nyuma yake iko karatasi ya nailoni iliyogandishwa. Ibandue bila kuichana, maana hiyo ndiyo izuiayo maji ya mvua, ambayo huingia ndani ya mlango kila mara, yasimwagike kwenye sakafu ya gari. Wengi huitupa, kisha husema gari limezeeka linavuja.

Sasa toa punje zote zilizomo tumboni mwa mlango, na kwa waya zibua matundu yaliyo chini kabisa. Maji hutokea hapo. Yakiziba, mlango huoza. Tazama chuma kiinuacho kioo, ambacho mafundi hukiita regulata: meno yake yakiwa mazima, yasafishe na kuyatia grisi. Tazama pia mifereji ya raba ambamo kioo hupanda na kushuka. Hapa ndipo penye kiini cha ugonjwa katika nchi ya vumbi. Mfereji ukijaa mchanga, au raba ikakauka, kioo hukwama. Mtu hukilazimisha, nacho huvunjika. Kutia kioo kipya katika mfereji mbovu ni kununua kioo cha pili. Ioshe raba kwa maji ya sabuni, wala usiipake oili ya injini, maana huila. Iliyochanika, ibadilishe.

Katika pikapu nyingi za zamani ukingo wa chini wa kioo umeingia katika mfereji wa chuma wenye utepe wa raba, nao ndio ufungwao kwa boliti. Mfereji huo usiutupe. Pengine kioo kipya huja bila wake. Pima ulikaa wapi tangu ukingo wa mbele wa kioo, ukikuta kipande kilichobaki, au pima katika mlango wa pili. Upachike kwa utepe na maji ya sabuni, ukigonga kwa ubao, kamwe si kwa nyundo ya chuma. Popote, chuma kisiguse kioo kikavu.

Zungusha regulata mpaka matundu ya boliti yaonekane. Inamisha kioo, upande wa mbele ukitangulia kushuka, ukiingize kwa juu ya mlango, kisha ukinyooshe ndani ya mifereji huku mtu wa pili akikishika. Kaza boliti kwa kiasi kwanza. Pandisha polepole, shusha, pandisha tena. Kikienda mshazari, legeza na kusogeza kidogo mpaka ukingo wa juu uingie sawasawa katika raba yake. Ndipo ukaze kabisa, urudishe nailoni, na kifuniko.

Wenye Land Rover za kale hawatayaona mengi ya haya, kwa kuwa vioo vyake huteleza mbele na nyuma katika mifereji wala havishuki mlangoni. Kazi yao ni nyepesi zaidi, lakini habari ya mchanga ni ile ile.

Jirani yetu alibandika nailoni, akaagiza. Kwa siku kadhaa abiria wake walifika Mwanhuzi wamekuwa wekundu kwa vumbi kama matofali, na maneno yakasemwa. Kioo kilipofika kilitiwa kwa asubuhi moja. Juma la kwanza mlango ukasikika unagonga kwa ndani kila shimoni. Alipofungua kifuniko tena, boliti moja ilikuwa imelegea, na punje tatu zilikuwa bado chini.