Mjusi wa Mrima apata jina

Sisi watu wa pwani humwita mjusi kafiri, yule wa rangi ya kijivu atembeaye ukutani usiku akivizia wadudu karibu na taa. Sababu ya jina hilo aijua kila aliyekaa chuoni. Hadithi aliyoipokea Bukhari yasema kwamba Nabii Ibrahim alipotiwa motoni, mnyama huyu alikuwa akiupuliza moto. Kwa hiyo mtoto amwonapo humtupia kiatu, wala hasimami kumtazama vidole.

Wapo lakini wanaosimama kumtazama vidole. Mwaka 2014 Dakta Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Aaron Bauer, mtaalamu wa mijusi kutoka Marekani, walieleza katika jarida la Zootaxa kwamba misitu yetu ya pwani ina mjusi wa jamaa hiyo hiyo ambaye hakuwa bado ameandikwa popote. Huyu si wa ukutani. Ni mjusi wa msituni, akaaye mitini, nao walimpa jina la kilima cha Mrima huko Kwale: Hemidactylus mrimaensis.

Neno la kwanza ni la Kiyunani, maana yake nusu kidole, nalo ni la ukoo mzima. Ule mwisho wa neno la pili ni Kilatini, na maana yake ni "wa mahali fulani". Basi kwa Kiswahili chetu ni mjusi wa Mrima.

Msomaji asidhani kwamba kumpa mnyama jina ni jambo la kukaa barazani mkakubaliana. Mjusi hutafutwa usiku kwa kurunzi, akahifadhiwa katika spiriti na kupewa namba. Hupimwa toka ncha ya pua hadi mwanzo wa mkia. Huhesabiwa vibamba vilivyo chini ya vidole, vinundu vya mgongoni, na vile vitundu vidogo ambavyo dume anavyo karibu na mapaja. Kisha hulinganishwa na wenziwe waliomo katika chupa za makumbusho, wengine wamo humo zaidi ya miaka 100. Akionekana kweli ni mbali nao, mmoja huteuliwa awe shahidi wa jina, ili yeyote atakayebisha baadaye aende akamtazame yeye. Ni kazi ya subira, nami naifananisha na ya wale wapokezi wa hadithi waliokagua isnadi jina kwa jina.

Pwani yetu imewahi kuingia katika daftari hiyo kabla ya hapo. Mwaka 1932 Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi Harvard, alimwandika Boulengerula changamwensis, mnyama asiye na miguu aishiye udongoni, ambaye wengi humdhani mnyoo ingawa ni jamaa ya chura. Naam, Changamwe hii hii ya Mombasa. Mwaka 1975 Arne Schiøtz wa Denmark akamwandika chura wa Shimba Hills, Hyperolius rubrovermiculatus, yaani mwenye michoro myekundu kama vijinyoo. Wote wawili waliandikwa na wageni. Kwa mjusi wa Mrima, jina la kwanza ni la Mkenya.

Na jina hilo lina uzito wake. Chini ya msitu wa Mrima, ambamo Wadigo wana kaya yao, mna niobiamu, madini yanayotiwa katika chuma kukiongezea nguvu, na madini mengine adimu. Kampuni moja ilipata leseni ya kuyachimba, nayo serikali ikaifuta mwaka 2013, mwaka mmoja tu kabla ya mjusi kuandikwa. Kampuni ilidai fidia mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi, ICSID, na mwaka 2018 dai lake likatupwa, kwa kuwa leseni haikufuata sheria za mazingira.

Madini yangalipo ardhini, na wenye kuyatamani hawajaisha. Lakini sasa, atakayeandika ripoti juu ya kilima hicho hawezi kusema kwamba mna mijusi tu. Itambidi amtaje huyu kwa jina lake, na aeleze atakwenda kukaa wapi miti ikikatwa.