Fedha ya Mayai ya Uzazi Hutozwa Kodi

Huko Marekani wako wasichana wanaotoa mayai yao ya uzazi ili yatumiwe na wanawake wengine wasiopata mimba, nao hulipwa maelfu ya dola. Mafundisho ya Kanisa katika hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 hayakubali njia hiyo. Lakini mwezi huu tunaeleza jambo jingine, ambalo wengi hawalijui wanapotia sahihi: fedha hiyo hutozwa kodi ya mapato.

Mwanamke mmoja wa California alitoa mayai mara mbili mwaka 2009, akalipwa dola 10,000 kila mara. Shughuli yenyewe si nyepesi. Alijidunga sindano za homoni tumboni siku nyingi, hata ngozi ikavilia damu, kisha daktari akamlaza usingizi na kuyavuta mayai kwa sindano. Mkataba ulisema analipwa kwa muda wake, usumbufu na maumivu, wala si kwa kuuza mayai. Basi hakuitaja fedha hiyo kwa watoza kodi. Aliona ni fidia ya maumivu ya mwili, na ni kweli kwamba fidia ya kuumizwa haitozwi kodi huko.

Mwezi Januari 2015 Mahakama ya Kodi ilimkatalia. Jaji aliamini kabisa kwamba aliumia. Ila fidia ni ya mtu aliyetendewa kosa, tuseme aliyegongwa na dereva mzembe. Huyu aliyakubali maumivu mapema kwa mkataba, kama bondia: ngumi zinamuuma, lakini ujira wake ni mapato. Kwa hoja hiyo, hata mwanamume anayelipwa kwa mbegu zake hatuoni atakavyosalimika.

Mwaka 1980 mahakama hiyo iliamua shauri la mwanamke mwenye damu ya kundi adimu, aliyeuza plazma, yaani majimaji ya damu, kama kazi yake. Alitozwa kodi, lakini aliruhusiwa kutoa gharama za safari za maabara na chakula maalumu. Alidai pia punguzo kwa madini yaliyopungua mwilini, kana kwamba yeye ni mgodi! Hilo alinyimwa.

Hatari kubwa iko hapa: kwa kawaida wakala hakati kodi. Hulipa fedha yote, kisha hupeleka taarifa serikalini. Msichana akishaitumia kwa karo na kodi ya nyumba, dai humfikia mikono mitupu.