Kabla Ukate Tiketi ya Coasto, Uliza Nani Anakungoja

Wiki jana beshte yangu wa mboka alinikalia kando tukimanga madondo, akatoa simu. Bei tatu ziko hapo kwa skrini: basi, treni, ndege. "Msee, nataka kushuka Coasto hii wikendi. Form ni gani?"

Nikamwambia arudishe simu mfukoni kwanza. Nikamuuliza kitu moja tu: huko unaenda, nani anakungoja, na hiyo saa unafika atakuwa ameamka?

Akaweka kijiko chini, akaanza kufikiria.

Hilo swali nimefunzwa na hii njia. Mimi ni msee wa Kayole, lakini mathe ni mtu wa Mombasa. Shosh wangu, ambaye kule Coasto tulikuwa tunamwita bibi, alikuwa anakaa Kisauni. Tangu niko darasa la tatu nimeshuka na kupanda hizo kilomita kama 480 na kila kitu inabeba watu. Nikajua bei ya tiketi ni kipande tu ya safari. Safari inaanzia kwa mlango wako na inaishia kwa mlango wa mwenye anakungoja.

Basi ya usiku

Wengi wetu tumejulia Mombasa kwa basi, na bado naiheshimu. Unatoka mboka jioni, unapitia keja unaoga, unadandia mat hadi tao, na saa tatu ama saa nne usiku uko kwa kiti. Kwa msee wa mjengo ama mwenye anauza mtush Gikomba, siku moja bila kazi ni doh imeenda. Basi ya usiku inakuachia hiyo siku, na malazi pia hulipi.

Halafu kuna mzigo. Mathe alikuwa ananituma na gunia ya waru, sukuma zimefungwa kwa gazeti, na blanketi moja ya bibi, juu kwa mathe hata joto ya Mombasa si sababu ya mzee kulala bila blanketi. Jaribu kuingia airport na hiyo gunia. Kwa basi unabonga na makanga pale kwa buti, mnasikizana bei, inaingia chini, safari inaanza.

Na basi inakushusha penye watu wako. Ukienda Emali, Makindu, Voi, Maungu ama Mariakani, unasema tu "nishukishe hapa". Ukienda mwisho, unaachwa Mwembe Tayari, ndani ya kisiwa, na mat za kuvuka daraja ya Nyali haziko mbali.

Mtito Andei, katikati ya njia, basi husimama kama nusu saa. Wasee wanashuka na usingizi machoni, wengine wamejifunga shuka. Chai ya maziwa inamwagwa kutoka juu hadi inatoa povu, chapo zinapinduliwa, na mama mmoja anapita na ndizi kwa beseni. Hapo ndio mnaanza kusalimiana na jirani mwenye mmekaa naye masaa manne bila kusema kitu.

Tukivuka Makupa, adhana ya alfajiri ilikuwa inalia. Nikifika Kisauni, bibi ameshaswali, mlango uko wazi, mahamri yako kwa mafuta. "Hujala, mjukuu wangu?" Alikuwa anauliza na ashanipakulia. Nilikaa miaka mingi nikidhani ni bahati tu. Kumbe saa za ile basi na saa za bibi zilikuwa zinapatana.

Lakini sitakuficha noma ya basi. Kuna usiku moja ile nilikuwa nimepanda iliharibikia karibu na Mackinnon Road saa tisa. Dere hakusema kitu, makanga akaenda kulala huko mbele. Malori ya bandarini yanapita, na kila moja ikipita basi yote inatingika. Ni baba mmoja abiria alishuka akaomba zile pembetatu za kuonya magari, akaziweka barabarani kwa mkono wake. Tulikaa hapo hadi jua ikachomoza. Sehemu kubwa ya hiyo barabara bado ni leni moja kuenda na moja kurudi, na lori ndio nyingi. Tangu sheria za Michuki zianze 2004, basi inafaa kuwa na kidhibiti mwendo na mshipi kwa kila kiti, na haifai kupita kilomita 80 kwa saa. Funga mshipi, hata kama jirani hajafunga. Ukiona dere anapita lori kwa kona, ongea. Msee mmoja akiongea anaitwa msumbufu. Watu kumi wakiongea, dere anapunguza.

Treni

SGR ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, siku moja kabla ya Madaraka Dei, ndio maana ikaitwa Madaraka Express. Ilipoanza, ekonomi ilikuwa 700. Tangu Januari 2024 ni ngiri moja na jirongo, yaani 1,500, na fasi klasi ni 4,500. Unakata kwa simu, *639#, unalipa na M-Pesa. Disemba usingoje wiki ya Krisi, viti zinaisha mapema sana.

Ya kwanza inatoka saa mbili asubuhi na inasimama kwa stesheni za katikati: Emali, Kibwezi, Mtito, Voi na zingine. Inafika saa nane na kitu mchana. Kuna ya saa tisa alasiri, inaingia Mombasa usiku mapema, kitu masaa tano. Na kuna ya saa nne usiku. Beba kitambulisho, ufike kama saa moja kabla, juu pale Syokimau mabegi yanapangwa laini chini na mbwa wa polisi anapita akinusa moja moja.

Kitu wasee husahau kuhesabu ni ncha mbili za treni. Reli ya zamani, yenye ilianza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Nairobi 1899, ilikuwa inakushusha tao, pande zote mbili. Hii mpya inaanzia Syokimau na kuishia Miritini, bara, kabla uguse kisiwa. Weka hiyo nauli na hiyo jam kwa hesabu. Hapa Nai kuna treni ya mtaa inatoka stesheni ya tao kwenda kukutana na SGR, na hiyo inakuokoa na Mombasa Road. Kule Miritini ni mat, tuktuk ama teksi. Ukiwa unaenda Diani, barabara ya Dongo Kundu sasa inakupitisha hadi Kusini bila kungoja feri ya Likoni.

Ile ya saa nne usiku inafika kama saa tisa na nusu usiku. Cheki hiyo saa vizuri. Kama ni bibi anakungoja, unamtoa kitandani. Kama hakuna mtu, utakaa hapo stesheni na begi kwa magoti hadi kupambazuke. Kuna wasee hiyo inawafaa kabisa, kama wale wanaingia shifti ya asubuhi bandarini. Wewe jiulize kama ni mmoja wao.

Treni ya asubuhi nilipanda na mathe. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, na masaa nane kwa basi yalikuwa yanamwacha amevimba miguu. Kwa treni unaweza simama, utembee, uende choo bila kuomba dere asimame. Tukapita Mtito, tukaingia Tsavo. Hapo reli imeinuliwa kwa madaraja ndio wanyama wapite chini. Mara mathe akanishika mkono kwa nguvu. Ndovu kama sita, wekundu kwa ule mchanga wa Tsavo, na kadogo kamejificha kati ya miguu ya mamake. Mathe hakusema kitu hadi wakapotea nyuma. Halafu akaniambia, "Utoto wangu wote tumepita hapa na gari la moshi. Lakini tulikuwa tunapita usiku. Sijawahi kupaona."

Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Ile 1,500 sijawahi kuijutia.

Ndege

Ndege kutoka JKIA hadi Moi, Mombasa, ni kama saa moja hewani. Ongeza kufika mapema, ukaguzi, kungoja begi, na gari kutoka Port Reitz, utapata masaa manne hivi mlango kwa mlango. Bado inashinda zote. Tangu Jambojet ianze kuruka 2014, wasee wa mtaa pia walianza kuona ndege ni kitu ya kupangia. Bei yake haikai mahali moja: ukikata wiki kadhaa mapema, siku ya katikati ya wiki, ni afadhali. Ukikata leo ya leo, utalia. Begi ya mkono mara nyingi ni kilo saba, kwa hivyo pima nyumbani, juu ukizidisha utalipia kila kilo. Na kama unaenda Diani, kuna ndege za kutua Ukunda moja kwa moja.

Kwa miaka nilikuwa naona ndege ni ya watu wa raha. Kisha siku moja saa kumi na moja alfajiri simu ya mathe ikalia. Ni mamdogo, kutoka Kisauni. Bibi ameenda.

Kwetu Coasto Waislamu hawakai na maiti. Bibi alikuwa anazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri, na kabla ya hapo ataoshwa na avikwe sanda, kazi ya binti zake. Basi ya asubuhi ingefika jioni. Treni ya saa mbili ingeingia Miritini bibi ashafunikwa udongo. Bei ya ndege kwa watu wawili asubuhi hiyo ilipita ngiri ishirini. Sikuwa nayo. Nikaandikia mbogi yetu ya base, mistari miwili tu. Ndani ya dakika ishirini simu haikunyamaza: thao, jirongo, thao tena. Msee mmoja, mwenye najua hakuwa na mboka, alituma rwabe. Mia mbili. Hiyo rwabe naikumbuka kuliko zote.

Kayole na airport ziko karibu, hiyo ilitusaidia. Saa nne asubuhi tulikuwa Kisauni. Mathe alivua viatu mlangoni, akaingia ndani kwa dada zake, mlango ukafungwa. Alimwosha mamake kwa mikono yake. Mimi nikangoja nje na wajomba, na baadaye nikaweka bega chini ya jeneza, kupokezana hadi makaburini.

Kama kuna siku ya kuvunja kibubu ni siku kama hiyo. Ndio maana naambia wasee: usichome doh ya ndege kwa kila wikendi ya kudunda. Weka kitu kando, hata kidogo kidogo. Siku moja utahitaji kufika kabla ya saa saba.

Sasa beshte yangu

Madondo ilikuwa imepoa akinijibu. Akasema ni mzae wake, anakaa Changamwe. Ni soja wa usiku kwa godauni, anatoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa tatu ashalala. Mwaka mzima hawajaonana.

Hapo hesabu ikajifanya yenyewe. Treni ya asubuhi ingemkuta mzae amelala, ya jioni ingemkuta ashaenda kazi. Basi ya usiku, lakini, hupita Changamwe kabla ya kuvuka Makupa, kitu alfajiri hivi.

Ijumaa akaondoka na begi moja na mkate wa kutoka hapa Nai. Jumamosi saa moja asubuhi akanitumia picha. Mzae bado ako na ile koti ya kazi, tochi imening'inia kwa mshipi, wamekaa kwa ngazi ya ploti, vikombe mbili vya chai katikati yao.