Homa ya Mtoto: Soma Chupa Kabla ya Kumnywesha

Ni usiku wa manane, mtoto mwili unamchoma na duka la dawa mtaani limefungwa. Wazazi wengi hupekua kabati, wakapata tembe ya kuumwa na kichwa, wakaikata nusu na kumsagia. Ni hatari. Baadhi ya tembe hizo zina aspirini, ambayo huweza kumletea mtoto ugonjwa wa Reye. Huu hutokea kwa nadra, lakini hushambulia ini na ubongo. Uingereza iliwaonya wazazi mwaka wa 1986 wasiwape aspirini watoto wa chini ya miaka 12, na mnamo 2002 umri huo ukapandishwa hadi 16.

Dawa inayofaa kwanza ni parasetamoli ya maji. Lakini chupa hazina nguvu sawa! Kuna yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na kuna yenye miligramu 250 katika kiasi hicho hicho. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzani wake. Wa kilo 10 zinamtosha mililita 5 za chupa ya kwanza. Mpe hizo hizo za chupa ya pili, na umemzidishia. Akizidishiwa tena na tena, ini huumia. Basi nenda dukani na kijitabu cha kliniki, umtajie muuzaji uzani. Pima kwa kipimo kilichomo pakitini, wala si kijiko cha jikoni. Ngoja angalau saa 4 kabla ya kurudia, na usipitishe mara 4 kwa siku. Dawa nyingi za mafua pia zina parasetamoli, usizichanganye.

Ibuprofeni nayo hushusha homa, ila si ya mtoto wa chini ya miezi 3, wala anayehara na kutapika hadi akakaukiwa maji, kwa sababu ya figo.

Mtoto mwenye joto kidogo lakini anacheza na kunywa uji hahitaji dawa yoyote, hata majirani wakisema nini.

Dawa hizi hutuliza tu, haziponyi malaria. Aliyetoka likizoni kwa nyanyake Kisumu au Kwale akishikwa na homa, apimwe damu siku hiyo hiyo. Mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye nyuzi 38, au mtoto yeyote mwenye degedege, shingo ngumu au asiyeweza kunyonya, apelekwe hospitalini mara moja. Beba ile chupa. Daktari atauliza umempa kiasi gani, na saa ngapi.