Mshale wa petroli unapokudanganya

Hebu jifikirie, msomaji, uko Rongo jioni, pale barabara ya Homa Bay inapoachana na ile kuu itokayo Kisii kwenda Migori. Mshale wa geji unaonyesha nusu tangi. Unaondoka na familia bila wasiwasi, lakini kabla hujafika mbali gari linakohoa mara mbili tatu, kisha linanyamaza. Giza linaingia, watoto wanauliza maswali, na mshale bado umeshikilia kuwa nusu ipo.

Wengi humlaumu mwuzaji wa petroli kwamba amewapunja. Wengine hukimbilia gereji, na fundi asiye na subira huanza kwa kushusha tangi zima. Aghalabu tangi halina kosa lolote.

Ndani ya tangi mna boya dogo, ambalo mafundi huliita floti, lililoshikizwa kwenye mkono wa waya mgumu. Mafuta yakipanda nalo hupanda, yakishuka hushuka. Mkono huo husugua ukanda mwembamba unaopunguza au kuongeza umeme uendao kwenye dashibodi, na umeme huo ndio usogezao mshale. Basi ule mshale uliokwama nusu huenda ni mkono tu uliokwama. Mshale ukicheza ovyo gari linapokwenda, huenda ukanda umelika au kuchafuka. Usipopanda hata baada ya kujaza tangi, labda boya limetoboka na kunywa mafuta.

Kabla ya kununua chochote, pima. Ikiwa mshale wa petroli na ule wa joto vyote vimelala, tazama fyuzi kwanza, maana bei yake ni ndogo mno kukupeleka kwa fundi. Ikiwa ni wa petroli peke yake, tafuta soketi ya nyaya juu ya tangi. Katika magari mengi madogo iko chini ya kiti cha nyuma. Fungua milango hewa ipite, zima gari, na sigara isiwe karibu. Chomoa soketi, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Katika Toyota nyingi za zamani mshale unapaswa kulala kabisa. Ukibaki juu, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi.

Ukilala, zima swichi tena. Unganisha waya wa geji na bodi kupitia balbu ndogo, mbali na mdomo wa tangi, halafu washa swichi. Mshale ukipanda, geji na waya ni wazima na ugonjwa uko kwenye floti. Usipopanda, usiliguse tangi. Kosa liko kwenye waya au dashibodi. Magari mengine hufanya kinyume cha haya, na yale ya kompyuta yaachie fundi wa umeme. Floti ikibadilishwa, dai mpira mpya wa kuziba, la sivyo mvuke wa petroli utaingia mnamoketi watoto.

Wakati ukitafuta floti, tumia hesabu. Tangi la lita 45, na gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja, litakupeleka kilomita 540. Jaza, andika kilomita, na ukifika 400 tafuta kituo, mshale useme usemavyo.

Tangi lenyewe nalo huugua. Gari likizima baada ya mwendo, kisha likawaka ukifungua kifuniko na kusikia hewa ikivutwa kwa kishindo, kitundu cha kupitisha hewa kimeziba. Likivuja, madereva wetu hukandika sabuni ngumu ya kufulia kwenye ufa. Hila hiyo inafanya kazi, kwani petroli haiyeyushi sabuni, lakini maji ya mvua huiyeyusha, na mvua za Rongo mnazijua. Itoshe kukufikisha gereji, basi.

Huko gereji ndiko kwenye hatari kubwa. Fundi atamwaga mafuta na kukuambia tangi ni tupu, sasa anaweza kulichomelea. La hasha! Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu lina mvuke na hewa pamoja. Mvuke wa kati ya asilimia 1 na 8 hivi unatosha kulipuka. Ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini ukitafuta cheche. Huko Sachangwan, karibu na Molo, mnamo Januari 31, 2009, petroli iliyomwagika kutoka kwa lori ilishika moto na kuwaua watu zaidi ya 100 waliokuwa wakiichota.

Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Petroli hujificha kwenye maungio na kutu, na joto la kuchomelea huitoa tena ikiwa mvuke. Tafuta tangi jingine zima la gari kama lako kwa wauza vipuri vilivyotumika. Fundi akisisitiza kuwasha mtungi wake, lichukue tangi lako, uwaondoe watoto wako hapo, na uende kwingine.