Sura ya 7: Balozi Anayeanzia Zizini

Brixton, kusini mwa London, ni mtaa wa soko, muziki na treni zinazopita juu ya maduka. Wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi walianza kufanya makazi hapo mwishoni mwa miaka ya 1940, na tangu wakati huo watu wa kila asili wamekuwa wakiishi humo bega kwa bega. Mgeni anayetoka kituoni hatarajii kukutana na farasi. Hata hivyo, kati ya majengo ya ghorofa, si mbali na reli, kuna zizi lenye uwanja wa mazoezi na watoto wenye helmeti vichwani wakisukuma matoroli ya samadi. Hapo ndipo ilipo klabu ya Ebony Horse Club.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1996 ikiwa haina farasi wala banda. Kwa miaka kumi na mitano iliwachukua watoto wa mtaa huo na kuwapeleka kujifunza katika mazizi ya watu wengine. Mwaka 2011 ikafungua zizi lake yenyewe, na mgeni rasmi alikuwa Camilla, ambaye leo ni Malkia wa Uingereza. Jengo lilipatikana, farasi wakapatikana, walimu wakapatikana. Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko ujenzi: kuzifanya familia za mitaa ya karibu ziamini kwamba mahali hapo ni pao pia.

Uingereza imezoea kumhesabu farasi kuwa mnyama wa wenye mashamba makubwa na majina ya ukoo yanayojulikana. Mzazi anayefanya kazi mbili ili alipe kodi ya nyumba hawezi kupita getini na kuulizia nafasi ya mwanawe ikiwa moyoni ameshajipa jibu la hapana. Tangazo lililobandikwa ukutani halimbadilishi mzazi wa namna hiyo. Anayeweza kumbadilisha ni mtu anayefanana na mwanawe, anayeongea kama mwanawe, na ambaye nguo zake bado zinanuka zizi.

Mtu huyo ndiye balozi kijana wa programu ya farasi.

Cheo hiki kimeenea zaidi Marekani, hasa ndani ya 4-H, mtandao wa klabu za vijana unaofuatilia mwanzo wake hadi mwaka 1902, pale A. B. Graham alipowakusanya wavulana na wasichana wa Clark County, Ohio, wafanye majaribio ya kilimo. Sheria ya mwaka 1914 iliyoanzisha huduma za ugani ilizifunga klabu za aina hiyo na vyuo vikuu vya kilimo, na mpaka leo maofisa ugani wa vyuo hivyo ndio wanaoziongoza. Wasomaji wa Kenya wana ndugu wa karibu wa wazo hilo: klabu za 4-K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilizovuma shuleni baada ya uhuru na kuhuishwa tena mwaka 2021. Tofauti ni kwamba kijana wa 4-K hupewa kitalu cha mboga au sungura, wakati mwenzake wa 4-H anaweza kuchagua farasi kuwa mradi wake wa mwaka mzima.

Katika programu hizo za Marekani, ubalozi huombwa. Kijana hujaza fomu, huandika insha fupi kuhusu alichojifunza, huleta barua ya kiongozi wa klabu anayemfahamu, kisha huketi mbele ya jopo na kuhojiwa. Akichaguliwa hutumikia kwa kawaida mwaka mmoja. Katika mwaka huo huzungumza shuleni, huwapokea wageni siku za maonyesho ya kilimo, husaidia kuendesha mashindano ya wadogo zake, hueleza mradi wake mbele ya wafadhili na huandika taarifa za matukio. Baadhi ya mabalozi hawamiliki farasi hata mmoja. Kuna mradi maalumu wa vijana wasio na farasi, ambao husoma lishe, mifupa, magonjwa na tabia za mnyama huyu, kisha hushindana katika maswali na majibu au katika kutathmini maumbile ya farasi waliopangwa mstari mbele yao. Kijana wa ghorofani aliyesoma kwa bidii anaweza kumshinda mtoto wa shamba aliyezaliwa kati ya farasi.

Maarifa hayo ndiyo mtaji wa balozi, kwa sababu watoto huuliza maswali bila huruma. Je, farasi huona nyuma? Karibu kote, maana macho yake yamekaa ubavuni mwa kichwa. Asipopaona ni nyuma kabisa ya mkia na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Ndiyo sababu mgeni hufundishwa kumwendea kwa upande wa bega, akizungumza taratibu ili asimshtue. Kwa nini asipewe chakula kingi kwa mara moja? Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, na umbile lake haliruhusu kutapika. Akivimbiwa au utumbo ukijisokota, anaweza kufa ndani ya saa chache. Anakula nini? Nyasi kwanza. Farasi wa kilo 500 huhitaji takriban kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na maji kati ya lita 25 na 50 kutegemea joto na kazi. Kwato je? Hazikomi kukua, kwa hiyo fundi wa kwato huitwa kila baada ya wiki sita hadi nane azipunguze na, inapohitajika, afunge viatu vipya.

Balozi aliyeiva haishii kusema. Humshika farasi mpole kwa kamba, humwomba mtoto mmoja aweke kiganja shingoni, kisha huwaonyesha wote masikio. Masikio yakielekea mbele, farasi anasikiliza. Yakilala nyuma kabisa, ana hasira au maumivu na ni wakati wa kurudi hatua chache. Baada ya hapo huinua mguu wa mbele na kuondoa mawe katika uwazi wa kwato kwa kichokoo cha chuma. Katika dakika kumi hizo darasa linapata funzo la heshima kwa kiumbe asiyeweza kusema, na anayelitoa ni mtu aliyewazidi miaka mitatu au minne tu. Watoto humsikiliza kuliko wanavyomsikiliza mwalimu, kwa kuwa wanajiona ndani yake.

Ujasiri huo wa kusimama mbele ya watu hujengwa mahali pasipo na watu. Mfano mzuri uko Philadelphia, ndani ya bustani kubwa ya Fairmount Park, ambako Lezlie Hiner alianzisha programu ya Work to Ride mwaka 1994. Masharti yake yako ndani ya jina lenyewe: kijana hufanya kazi ili apande. Hufagia vibanda, hubeba maji, hulisha, husugua ngozi za matandiko na hatamu, tena lazima alama zake za shule ziridhishe. Wengi wa vijana hao hutoka katika mitaa iliyokumbwa na umaskini na risasi. Mwaka 2011 timu yao ilitwaa ubingwa wa taifa wa polo wa shule za sekondari, na ikawa timu ya kwanza ya wachezaji weusi pekee kufanya hivyo. Mmoja wao, Kareem Rosser, aliendelea na polo katika Chuo Kikuu cha Colorado State, akashinda ubingwa wa taifa wa vyuo mwaka 2015, na mwaka 2021 akachapisha kitabu cha maisha yake, Crossing the Line. Rosser anapozungumzia programu iliyomlea, wasikilizaji wanajua kwamba anayesema alianza na fagio.

Brixton nao walimpata wa kwao. Mama mmoja mkazi wa Peckham, mtaa wa jirani, alipata kipeperushi cha Ebony Horse Club msikitini, akampeleka bintiye. Binti huyo, Khadijah Mellah, baba yake ni Mwalgeria na mama yake ana asili ya Kenya. Alijifunza kupanda hapo klabuni, na mwaka 2019 alipewa nafasi ya kushiriki Magnolia Cup, mbio za hisani za wanawake wasio wataalamu katika uwanja wa Goodwood. Farasi wa mbio alianza kumpanda miezi michache tu kabla ya siku yenyewe. Tarehe 1 Agosti, akiwa na umri wa miaka 18 na hijabu chini ya helmeti, alishinda akiwa juu ya farasi aitwaye Haverland. Picha zake zilienea duniani, na filamu ya hali halisi ikatengenezwa kuhusu safari yake.

Kipeperushi kile kinastahili kutazamwa kwa makini na kila anayeendesha programu ya farasi. Kilifika msikitini, mahali ambapo wanaotangaza michezo ya farasi hawaendi mara nyingi. Kazi ya balozi kijana inafuata mantiki hiyo hiyo: kuupeleka ujumbe pale walipo watu, iwe kanisani, sokoni, maktabani au kwenye uwanja wa shule, badala ya kuwangoja wajilete.

Pamoja na faida hizo, ubalozi una hatari zake, na wazazi wana haki ya kuzijua. Ya kwanza ni kumgeuza kijana kuwa picha ya matangazo. Programu inayohitaji wafadhili hushawishika kumsimamisha mbele mtoto mwenye maisha magumu na kumtaka asimulie shida za nyumbani kwao kila hafla. Viongozi makini huweka mipaka: kijana huzungumzia farasi na anachokifanya, habari za familia husemwa akitaka mwenyewe, na picha hupigwa kwa ridhaa ya mzazi. Ya pili ni uchovu. Masomo, zamu za zizini na mikutano ya jioni vikirundikana, alama hushuka, na programu iliyoahidi kumwinua inamwelemea. Ndiyo maana kuchagua mabalozi wawili au watatu ni busara kuliko kumbebesha mmoja kila kitu. Ya tatu humhusu farasi mwenyewe. Siku ya maonyesho ina spika, maputo na mamia ya mikono inayotaka kumgusa. Balozi anapaswa kuwa na ruhusa kamili ya kusema kwamba farasi amechoka na anarudi bandani, hata kama foleni ya watoto bado ni ndefu na mgeni wa heshima hajafika.

Ruhusa hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayompima kiongozi wa programu. Kijana anayeaminiwa kulinda afya ya mnyama wa kilo 500 mbele ya watu wazima huzungumza tofauti anapohojiwa chuoni au kazini, kwa sababu ameshawahi kutoa uamuzi na kuusimamia.

Muhula ukiisha, programu zilizojipanga hazimwachi balozi aondoke na cheti peke yake. Balozi humkabidhi mrithi wake orodha ya shule zilizotembelewa, majina ya walimu waliowapokea na maswali yaliyoulizwa zaidi, kisha yeye hubaki mlezi wa walio chini yake. Baada ya ushindi wa Goodwood, hatua hiyo ya kuwainua wanaofuata ilichukuliwa kwa upana zaidi: mwaka 2021 ilianzishwa Riding A Dream Academy kwa ajili ya vijana kutoka jamii ambazo hazionekani sana katika mbio za farasi za Uingereza. Huwapa mafunzo ya wiki nzima katika British Racing School mjini Newmarket, na upo pia ufadhili wa mwaka mzima unaobeba jina la Khadijah Mellah.