Fahamu: Kwa nini damu ya mtoto mwenye saratani ya damu huganda
Mzazi wa Mwanakwerekwe, Zanzibar, ambaye mwanawe ana saratani ya damu mara nyingi huvuka bahari hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ambako shirika la Tumaini la Maisha husaidia matibabu ya watoto. Anachokihofia zaidi ni mtoto kutokwa damu. Hatari nyingine haisemwi sana, nayo inastahili kusemwa: damu kuganda ndani ya mishipa.

Mara nyingi chanzo ni matibabu yenyewe. Dawa ya asparajinesi huinyima saratani lishe, lakini pia hupunguza antithrombini, protini ya ini inayozuia damu isigande ovyo. Steroidi huongeza hatari, na mpira wa kupitishia dawa kwenye mshipa mkubwa vilevile.

Dalili hutegemea mahali damu ilipoganda. Mkono au mguu mmoja huvimba na kuuma. Damu ikiganda ubongoni ndiyo balaa: kichwa kuuma vikali, kutapika, degedege. Ikiganda mapafuni, pumzi hubana. Tatizo hili hutibika, aghalabu kwa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Mkiziona dalili hizi mtoto akiwa nyumbani, msingoje boti ya kesho wala siku ya kliniki. Mkimbizeni Hospitali ya Mnazi Mmoja usiku huohuo, na karatasi zake za dawa mkononi. Aspirini msimpe bila daktari kuagiza.